Wananiita wakili, na mimi si wakili

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni binti wa miaka 24, mzaliwa wa wilaya ya Urambo, mkoani Tabora. Mwaka jana nilihitimu stashahada ya sheria. Nyumbani ni wakulima wa tumbaku, na upande wa baba mimi ndiye wa kwanza kuvaa joho. Tangu siku ile jina langu limepotea, siku hizi naitwa Wakili. Mjomba akipiga simu, "Wakili hujambo?" Watoto wa jirani, "Shikamoo Wakili." Mwanzoni nilikuwa nawarekebisha. Baadaye nikachoka, nikawa naitika.

Kwa miezi minane nimejitolea kwenye kituo cha wasaidizi wa kisheria. Hatulipwi, tunapewa nauli siku za kwenda vijijini. Muda wote huo nimekuwa naomba kazi serikalini. Kila tangazo la Sekretarieti ya Ajira likitoka nalisoma mpaka mwisho. Nafasi za Afisa Sheria zinataka shahada, na nyingi zinataka uwe umepita na Shule ya Sheria kwa Vitendo. Mtu wa stashahada ya sheria anabaki na nafasi chache, na mojawapo ni utendaji wa kijiji. Nikaomba hiyo. Usaili wa kuandika nikapita, wa mahojiano nikapita, kisha nikaambiwa niko kwenye kanzidata, yaani orodha ya waliofaulu wanaosubiri nafasi. Nikakaa, nikasahau.

Wiki iliyopita jina limetoka. Nimepangiwa kijiji kimoja mkoani Kigoma, natakiwa kuripoti ndani ya siku 14. Wiki hiyohiyo nimepata udahili wa shahada ya sheria, maana GPA yangu ni 3.6. Nina barua mbili, Shangazi, na sijui niifuate ipi.

Baba hataki kusikia habari za Kigoma. Anasema, "Sikukusomesha sheria ili ukapige mihuri kijijini." Yuko tayari kuuza ng'ombe wanne na kuongeza malipo ya tumbaku yatakayotoka AMCOS, chama chetu cha ushirika cha wakulima. Zamani alinyang'anywa ekari sita za shamba la babu, na mpaka leo anasema ukoo huu ungekuwa na wakili, shamba lile lisingeondoka. Mama anasema kazi ni kazi, wangapi wanaililia. Nina wadogo zangu watatu wanaosoma.

Mimi mwenyewe naogopa nikienda huko nitazama. Nitakuwa mtu wa kukusanya michango na kuandika barua za utambulisho, na sheria yangu itaota kutu. Lakini shahada nayo ni miaka mingi, na sina uhakika kwamba mwisho wake kuna ajira.

Kuna jambo jingine lililonivunja moyo kidogo. Mama mmoja mjane alinifuata nyumbani, mahakama ya mwanzo ilikuwa imeamua mirathi ya mume wake upande wa shemeji. Nilimwambia ana siku 45 za kukata rufaa, nikamwandikia, akanipa 20,000. Karani akaikataa, kumbe ni siku 30. Hiyo ni mwezi uliopita. Hajanilaumu, ila sijamwona tena. Hii nayo imenifanya nijiulize kama kweli naweza kazi ya sheria.

Naomba ushauri wako kabla siku zangu hazijaisha.

Mwenye Barua Mbili, Tabora

---

Marahaba mwanangu.

Nimeisoma barua yako mara tatu, na nimeitanguliza mbele ya nyingine kwa sababu ya siku zako 14. Hongera kwanza. Anayejua jinsi usaili ule unavyojaza kumbi anajua jina lako halikutoka kwa bahati tu. Hongera na kwa udahili. Unalia kwa kuwa na milango miwili, na sikucheki hata kidogo, kwa sababu ukipita huu unauacha ule, na ndani ya nyumba kuna baba, mama na wadogo zako wanaotazama mguu wako unaelekea wapi.

Lakini naomba unisamehe, nitaanza mahali ambapo wewe umemalizia.

Habari za ajira umeziandikia ukurasa mzima, mama mjane umempa mistari michache karibu na mwisho, ukasema amekuvunja moyo "kidogo". Mimi nadhani si kidogo. Nadhani ndiye anayekunyima usingizi, na barua mbili zimekupa mahali pa kujificha. Nikikosea, niambie.

Nimejaribu kumwona akija kwako. Amefunga noti kwenye pindo la khanga, hukumu ameikunja mara nne, amemwuliza mtoto njiani, "Kwa Wakili ni wapi?" Kwa miaka mingi mawakili hawakuruhusiwa kusimama katika mahakama za mwanzo, hadi marekebisho ya sheria ya mwaka 2021 yalipoanza kuufungua mlango huo. Watu wetu wakazoea kumtegemea yeyote anayejua kuandika "maombi". Ndiyo maana hakukuuliza cheti. Jina ulilochoka kulirekebisha lilimtosha.

Siku 45 hukuzitoa hewani. Ni muda wa rufaa kutoka Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya kwenda Mahakama Kuu, katika shauri lililoanzia barazani. Ulichanganya njia mbili, jambo ambalo hata waliosoma zaidi yako huwapata. Rufaa ya mahakama ya mwanzo huenda Mahakama ya Wilaya, na ni siku 30. Tofauti ni kwamba wengine wana mtu mezani wa kuwasomea kazi kabla haijatoka. Wewe uliandika peke yako, nyumbani, nje ya kituo, kwa malipo. Hilo ndilo lililokuponza kuliko hesabu ya siku. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 imempa msaidizi wa kisheria nafasi inayotambulika, lakini afanye kazi chini ya mtoa huduma aliyesajiliwa, na bila kumtoza mwananchi. Na Sheria ya Mawakili inamkataza asiye wakili kuandaa nyaraka za mahakama kwa malipo. Mtaani wanaofanya hivyo wanaitwa vishoka. Sikuiti hivyo, mwanangu. Nakuonyesha tu jinsi njia ya kufika huko ilivyo fupi, na kwamba huanza kwa kuitika jina.

Sasa, mlango wa mama yule haujafungwa kabisa. Mahakama ya Wilaya inaweza kuongeza muda wa rufaa hata baada ya zile siku 30 kupita, ila lazima aombe na atoe sababu za msingi. Mahakama zetu hutaka mtu aeleze kila siku aliyochelewa, na kusema tu "sikujua sheria" mara nyingi hakukubaliki. Kwa hiyo kila wiki unayosubiri kwa aibu inamwongezea yeye siku za kuja kuzieleza. Nenda kwake. Usimpigie simu, nenda. Mwambie umekosea, mrudishie ile 20,000, kisha uende naye kituoni kwenu wamtafutie wakili wa kumsaidia bila malipo. Pakishindikana hapo, ofisi ya maendeleo ya jamii ya halmashauri huwa inawajua watoa msaada waliosajiliwa, na Chama cha Mawakili Tanganyika kina wanachama wake huko kwenu. Kama namna alivyoshauriwa itaingia kwenye kiapo chake cha maandishi cha kuombea muda, huyo wakili ndiye atakayeamua. Kazi yako ni kusema kweli, na kuacha jina lako litajwe ikibidi.

Unauliza kama kweli unaweza kazi ya sheria. Kukosea siku hakujibu swali hilo. Utakachofanya baada ya kukosea kitakaribia zaidi kulijibu, na hapo wewe mwenyewe utajiona.

Nirudi kwenye barua zako.

Baba yako ana jambo, na sitaki kulipita haraka. Mzazi anayetaka kuuza ng'ombe wanne hasemi kwa majivuno tu. Anasema kwa ajili ya zile ekari sita. Lakini umewahi kumketisha ukamwuliza shamba lile liliondokaje hasa? Lilipotea mbele ya hakimu, au lilikuwa limeshapotea kabla, kwenye ofisi ya kijiji? Nakuuliza kwa sababu nimesikia simulizi nyingi za namna hiyo, na mara nyingi kisa huanzia kwenye muhtasari wa mkutano ambao hakuna aliyeusoma kwa sauti, au muhtasari ambao haukuandikwa kabisa, ikabaki kauli ya huyu na ya yule.

Chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya mwaka 1999, ardhi ya kijiji inasimamiwa na Halmashauri ya Kijiji, na mkutano mkuu una sauti katika kuigawa. Baraza la Ardhi la Kijiji lina wajumbe saba, na watatu kati yao lazima wawe wanawake. Kwenye makaratasi ni hivyo. Nani anayehakikisha wale wanawake watatu wapo, wameitwa, na hawakuandikwa majina tu? Nani anayekaa na daftari? Mtendaji wa kijiji ndiye katibu wa Halmashauri ya Kijiji. Hata yule mama mjane, kabla hajafika mahakamani, kuna uwezekano alipita kwa mtendaji kuomba barua ya utambulisho, ileile unayoiogopa. Barua hiyo humtaja nani ni mke wa marehemu na nani ni watoto wake, au huwaacha nje. Kwa hiyo unaposema sheria yako itaota kutu kijijini, sina hakika kama unaiona kazi yenyewe, au unaiona kwa macho ya baba.

Hata hivyo sitakupambia. Utendaji si kazi ya mezani. Utadai michango kwa watu wasio nacho. Utaamshwa usiku kwa ugomvi wa mifugo iliyoingia shambani. Mwenyekiti wa kijiji amechaguliwa, wewe umeajiriwa na halmashauri, na atakayekuja na muhtasari ulioandikwa tayari akikuomba mhuri tu anaweza kuwa ndiye mtu wa kwanza aliyekupokea na kukupa chumba cha kulala. Binti wa miaka 24, ugenini, mbali na kwao, atasimamaje siku hiyo? Hilo ndilo la kujiuliza kuliko kutu. Na kuna hatari ya pili, kwamba ukizoea mshahara, ndoto ya shahada inaweza kusogea mwaka hadi mwaka. Wapo waliosema "nitasoma baadaye" na baadaye haikuja. Wapo pia waliosoma wakiwa kazini. Chuo Kikuu Huria kina vituo mikoani na kinafundisha sheria. Lakini kusoma hivyo kunataka nidhamu kali, na mtandao wa simu usiokatika, na huko vijijini huo ni mtihani mwingine.

Usidhani pia kwamba ukimaliza shahada ukiwa mtendaji utaamka siku moja u Afisa Sheria. Kubadilishwa kada kunategemea nafasi kwenye ikama, yaani idadi ya watumishi iliyoidhinishwa, na bajeti ya mwajiri, na kuna watumishi wanaosubiri hilo kwa muda mrefu. Ruhusa ya masomo nayo hutolewa na mwajiri, kwa kawaida baada ya kuthibitishwa kazini, na kipindi cha majaribio peke yake ni miezi 12. Ukifika, waulize watu wa utumishi mapema, na uulize kwa maandishi.

Njia ya chuo nayo uitazame hadi mwisho wake, si hadi siku ya joho. Shahada ni miaka mitatu au minne kutegemea chuo. Baada yake ipo Shule ya Sheria, ambayo iko Dar es Salaam, na pale pana kazi. Mwaka 2022 nchi nzima ilizungumza matokeo yake: kati ya wanafunzi 633, waliofaulu moja kwa moja walikuwa 26, mpaka Waziri akaunda kamati chini ya Dk. Harrison Mwakyembe kuchunguza. Sikutajii hayo nikutishe. Wanaofaulu wapo, na huenda wewe ukawa mmoja wao. Nakutajia kwa sababu ng'ombe wanne na msimu mmoja wa tumbaku vinaweza kukufikisha mwaka wa kwanza, labda wa pili. Halafu? Wadogo zako watatu watakuwa wamefika kidato gani? Je, mmeizungumza Bodi ya Mikopo hapo nyumbani, au baba ameshaamua kuuza kabla ya kuulizia? Na mvua ikigoma mwaka mmoja, tumbaku ikishuka daraja sokoni, nani atakayeamua kati ya ada yako na sare zao?

Na ukiacha nafasi ya Kigoma, ujue kwamba unaiacha kweli. Usiporipoti kwa muda uliopangwa, anaitwa mwingine. Hilo halikuzuii kuomba tena siku nyingine, lakini hakuna anayejua tangazo lijalo litakuwa na nini. Wakati huohuo, ukiifuata kwa sababu tu ya kuogopa kuikosa, utafika kule na nusu ya moyo, na wanakijiji hutambua hilo mapema kuliko mkurugenzi.

Kuna jambo moja nimelisubiri kwenye barua yako na sikuliona. Umeniambia baba anataka nini, mama anaonaje, tangazo linadai nini. Wewe je? Katika miezi minane ya kituoni, ni siku gani ulirudi nyumbani umechoka lakini umeridhika? Ulikuwa umefanya nini siku hiyo? Ulikuwa umesuluhisha watu wawili chini ya mti, au ulikuwa umekaa na vitabu ukitafuta kifungu mpaka ukakipata? Hizo ni raha mbili tofauti, mwanangu. Ya kwanza inaishi vizuri kijijini. Ya pili inataka maktaba na walimu. Ukiwa na zote mbili, basi suala ni lipi litangulie, na hilo ni dogo kuliko unavyolibeba sasa.

Naona mazungumzo mawili mbele yako, yote kabla ya kupanda treni au kulipa ada. La baba ulianze kwa ekari sita. Usianze na "nataka kwenda" wala "sitaki kwenda". Mwambie akusimulie upya, nawe uandike, kama unavyomwandikia mteja kituoni: nani alisema nini, mkutano ulikuwa lini, muhtasari uko wapi. Huenda akasikia mwenyewe kitu ambacho wewe ukimwambia hatakisikia. Au huenda ukasikia wewe, ukaelewa kwa nini kwake joho la wakili ni la lazima. Vyovyote itakavyokuwa, mtakuwa mnazungumza jambo lenyewe.

La mama mjane nimeshalisema. Naliweka mbele ya la baba, mbele ya Kigoma na mbele ya chuo. Ukiingia kwake atakuita Wakili. Mwambie jina lako, na mwambie wewe ni msaidizi wa kisheria. Kisha mwombe akuonyeshe ile hukumu, uisome tarehe aliyosaini hakimu, na uhesabu siku ukiwa umekaa naye, kwa sauti, mpaka siku hiyo mliyokaa.

Uniandikie alisema nini.

Shangazi yako